Muziki Ndani ya Pijo ya Mzee Wamae

Kijijini Gakindu hakuna mtu anayenunua kitu cha maana akakitumia kabla hakijaombewa. Tangi la maji huombewa, ng'ombe wa gredi huombewa, hata friji ya kuuzia soda imewahi kuombewa mbele ya duka huku watu wakingoja chai. Kwa hivyo Ngatia alipoweka muziki katika Pijo, gari la zamani la baba yake, hakuna aliyeshangaa kuona viti vya plastiki vimepangwa uani Jumamosi ile. Kilichowashangaza wachache, na walikisema kwa sauti ya chini, ni kwamba Pijo yenyewe haikuwahi kuombewa. Ilikuwa imeishi miaka yote hiyo bila maombi na haikuwa imemwacha mtu njiani.

Ilikuwa ni 404, rangi ya maziwa, ya wakati ule gia zilikaa kando ya usukani. Mzee Wamae aliitumia kubeba watu kati ya Mukurweini na Nyeri mpaka presha ya macho ilipomzimia jicho moja, kisha la pili. Sasa aliyeiendesha ni Ngatia, mwanawe wa pekee wa kiume, mwenye duka la dawa za mifugo pale sokoni. Mzee alikaa kiti cha mbele cha abiria, kofia kichwani na kioo kikiwa kimeteremshwa, hata wakati wa baridi ya Julai.

“Baba haoni,” Ngatia alikuwa amemwambia mkewe, Tabby, mwezi uliotangulia. “Si basi tumpatie kitu ya kusikia?”

“Ameitisha?”

“Baba yangu ameitisha nini tangu nimjue?”

Tabby alifikiria mabati ya jikoni yaliyokuwa yakivuja, akaona si vizuri kulinganisha mabati na baba wa mtu.

Hiyo ya kumpa baba kitu cha kusikia ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ilikuwa Abdirashid, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Nanyuki aliyekuwa akinunua dawa kwa Ngatia. Abdirashid alikuwa na Benzi ya zamani iliyowekwa muziki, na siku moja alimkalisha Ngatia kiti cha mbele, akafungulia. Ngatia alisikia ngoma ikimgonga kifuani. Tangu siku hiyo alianza kuitazama Pijo yao kama mtu anavyomtazama ndugu asiyevaa viatu, na hamu yake mwenyewe akaiita mapenzi ya baba. Si yeye wa kwanza kufanya hivyo.

Kazi ilifanywa na Ben, fundi wa Karatina, na Ben hafanyi kazi nusu. Alikata dashibodi akaingiza redio yenye taa za buluu. Alitoboa milango ya mbele akaweka spika mbili, akaweka nyingine mbili nyuma ya kiti cha nyuma, na kwenye buti akafunga sanduku la besi ambalo watu wawili walilibeba wakipumua kwa nguvu. Kisha, ili sauti isipotee, alibandika mikeka myeusi ya raba ndani ya milango, sakafuni na juu ya dari. Mwisho, kwa ukarimu wake na bila kuongeza bei, alikaza kila kitu kilichokuwa kikicheza: vioo, vitasa, bawaba, bampa. Raba zote za milango alibadilisha.

“Sasa hakuna kitu inapiga kelele, boss,” alimwambia Ngatia. “Hii gari imenyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu. Ni muziki tu utasikia. Na ukifungulia, funga vioo ndio besi isitoroke.”

Siku ya maombi mchungaji alisoma, kwaya ya akina mama ikaimba ubeti mmoja, kisha mchungaji akasema ni vyema mwenye boma ndiye awe wa kwanza kubariki. Tabby alimshika mzee mkono akamfikisha kwenye boneti. Mzee Wamae alivua kofia, akatema mate kidogo kifuani mwake kama wazee wake walivyomfundisha, akaweka kiganja juu ya bati.

“Kile mtoto wangu ameleta nimekipokea,” alisema. “Kisilete hasara. Wenye watakaa ndani wakae kwa amani.”

Watu wakaitikia. Ngatia akafungulia wimbo wa dini, kuku wakakimbilia nyuma ya choo, na wageni wakapiga makofi mpaka kina mama wakacheka wakishika vifua.

Kosa lilifanyika hapo, tena kwa heshima zote. Mzee wa rika la Wamae akishatamka baraka kwa mwanawe mbele ya watu, hawezi kurudi kulalamikia kile alichokibariki. Kwake hiyo ingekuwa ni kumlaani mtoto kwa mlango wa nyuma. Laiti Ngatia angempeleka kwanza mpaka sokoni na kumrudisha, kabla ya viti na chai, mzee angeyasema yake na mambo yangeishia kati yao wawili. Lakini Ngatia alitaka iwe zawadi ya kushtukiza.

*

Kabla ya muziki, safari ya kanisani ilikuwa ya mzee. Ngatia alishika usukani, lakini aliyejua walipo ni yule asiyeona. Injini ikinguruma kwa gia ya pili, alijua wako kwenye mteremko wa kwa Wambugu. Kioo cha mlango wa nyuma kikianza kutetemeka, alijua lami imeisha. Sauti ya gari ikirudi kutoka ukutani, alijua wako madukani, na hata duka lililofungwa alilitambua, kwa sababu mlango wa chuma hauirudishi sauti kama mlango ulio wazi.

“Leo Magdaline hajafungua,” angesema, na Tabby, akiwa kiti cha nyuma, angechungulia na kweli Magdaline hajafungua.

Aliwaambia mengine pia. Kwamba mto umejaa. Kwamba kuna mti umekatwa kwa jirani yao Dedan, kwa sababu upepo unaingia mahali ambapo haukuwa ukiingia. Changarawe za uwanja wa kanisa zikianza kusagika chini ya magurudumu, mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa. Alijifungulia, akashuka, akavua kofia na kuwasalimu watu. Hakuna aliyewahi kumwambia Mzee Wamae kwamba wamefika.

Jumapili ile ya kwanza walitoka langoni vioo vikiwa vimefungwa na kwaya ikiimba kutoka pande zote. Mzee aligeuza kichwa kushoto, akakigeuza kulia. Baada ya muda alishika ukingo wa dashibodi, pale mahali palipokatwa, akapapasa redio kama mtu anayetafuta mlango.

“Iko sawa, baba?” Ngatia aliuliza kwa sauti ya juu.

“Iko sawa.”

Walipofika kwenye kituo cha pikipiki, hatua chache kabla ya soko, vijana wa bodaboda walipunga mikono wakitaka kusikia. Ngatia akasimama. Hakuwa na nia mbaya; mtu akishanunua kitu kama hicho, hawezi kuwapita watu wanaokitamani. Akateremsha kioo chake, akaongeza sauti.

Mzee alihisi gari limesimama. Alifungua mlango, akashuka, akanyoosha koti. Akavua kofia.

“Bwana asifiwe,” alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuitikiwa.

Vijana walitazamana. Halafu mmoja akasema, kwa jina ambalo huko huitwa babu yeyote, “Guka, hapa ni stage ya boda. Kwa Mungu ni huko mbele,” na wote wakaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya. Wangemcheka vivyo hivyo mwenzao.

Ngatia naye alicheka. Alicheka kidogo tu, jinsi mtu anavyocheka akiwa katikati ya watu na aibu ikimpanda. Lakini alikuwa amecheka, na baba yake alikijua kicheko chake tangu kikiwa cha mtoto.

Mzee alivaa kofia. Alipeleka mkono kutafuta mlango ukapita hewani, akaupeleka tena. Tabby alishuka mbio akamshika kiwiko akamkalisha, akamfungia mlango. Mlango ulifunga bila sauti, kwa zile raba mpya.

Kutoka siku hiyo Mzee Wamae hakusema tena walipo. Walipofika kanisani alikaa mikono ikiwa mapajani mpaka aambiwe, “Tumefika, baba.” Ngatia aliwaeleza watu, tena kwa furaha, kwamba muziki umemwingia mzee mpaka anasahau kushuka.

*

Tabby hushona sare za shule, na mchana, macho yakichoka, hutoka kukaa na baba mkwe wake jikoni nje wakipukuchua mahindi. Siku moja gari lilipita barabara ya chini.

“Huyo ni Dedan,” mzee alisema. “Amebeba mbolea. Na amechelewa kubadilisha gia hapo kwa kona, hiyo injini itakufa.”

Tabby aliinuka kuchungulia juu ya ua. Alikuwa Dedan, na magunia ya mbolea nyuma.

“Guka,” alisema akikaa, “kwani siku hizi tukiwa kwa gari huongei? Tunaenda tu na huo muziki.”

“Muziki ni mzuri.”

“Sijauliza muziki.”

Mzee alimaliza hindi alilokuwa nalo, akatupa gunzi, akachukua hindi jingine. Hakulianza.

“Hapa nje mimi ni mzee,” alisema. “Ndani ya hiyo gari mimi ni kipofu.”

Tabby alitazama chini, kana kwamba mzee angeweza kumwona.

“Ngatia anaweza kuzima, guka.”

“Juzi alizima akiongea na simu. Hakuna kitu nilisikia. Ni kama nimefunikwa na blanketi. Kwani waliweka nini kwa hiyo gari?”

“Ni mikeka. Ya kuzuia kelele.”

“Kelele,” mzee alisema. “Sawa.”

“Wacha nimwambie.”

“Hapana. Niliibariki na mdomo yangu, watu wakiwa hapo. Sasa nianze kusema kitu ya mtoto wangu ni mbaya? Hayo maneno yakae hapa na mahindi.”

Tabby akayaacha na mahindi. Alijiambia ni heshima, na kwa kiasi fulani ilikuwa heshima. Lakini pia ilikuwa rahisi zaidi kunyamaza kuliko kumwambia mume mwenye fahari kwamba zawadi yake imemfungia baba yake gizani mara ya pili. Baadaye alijilaumu kwa hilo kuliko alivyomlaumu mtu mwingine yeyote.

*

Simu ilitoka Kangari. Beth, dada wa Mzee Wamae, wa pekee aliyebaki katika watoto wa mama yao, alikuwa hatoki tena kitandani. Miguu ilikuwa imefura na daktari amesema arudishwe nyumbani apumzike, maneno ambayo kila mtu anajua maana yake. Binti yake, Kagure, ndiye aliyepiga.

“Anamuuliza mjomba kila asubuhi,” alisema. “Anauliza kama ameshafika.”

Ngatia aliahidi Jumamosi. Alijaza mafuta, akaosha Pijo, akanunua sukari na unga na mkungu wa ndizi. Asubuhi ya Jumamosi alimkuta baba yake amekaa kitandani, amevaa sweta ya kushinda nyumbani.

“Miguu inaniuma,” mzee alisema. “Nendeni mnisalimie.”

“Si ni gari itatembea, baba?”

“Inauma.”

“Ni tata Beth. Anakuita.”

“Nimesikia ni nani.”

Ngatia alisimama mlangoni na ufunguo mkononi. Kila Desemba safari hii ndiyo iliyokuwa ikimtoa mzee kitandani kabla ya jogoo. Alimwangalia Tabby akitaka amsaidie, naye Tabby akaangalia kwingine. Mwishowe alikwenda peke yake, muziki ukiwa juu ili asisikie hasira yake.

Kangari alimkuta tata, shangazi yake, amegeuziwa mto ili auone mlango.

“Wamae yuko wapi?”

“Ako na homa, tata.”

Beth alimtazama muda mrefu. “Homa ya Wamae haijawahi kumzuia kuja hapa,” alisema. “Mwambie mimi sina haraka. Lakini siku pia sina nyingi.” Kisha akaomba ageuzwe, akaelekea ukutani, na Ngatia akanywa chai yake akiutazama mgongo wa shangazi. Kagure alimsindikiza mpaka kwenye gari. Hakusema lolote kuhusu redio, na Ngatia alijikuta anaifunika kwa mkono.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Mzee alikuwa nje ya jikoni, mahali pake.

“Dada yako analia huko, na wewe umekaa hapa kwa jua,” Ngatia alimwambia akiwa bado amesimama. “Nimeweka mpaka muziki ndio usichoke njia. Sijui unataka ubembelezwe aje. Kama mtoto?”

Tabby alitoka chumba cha cherehani na uzi mdomoni.

“Nimesikia,” mzee alisema. Aliinuka, akashika ukuta, akaufuata mpaka mlangoni kwake, akaingia.

“Hujui kitu, Baba Shiku,” Tabby alimwambia mumewe. “Hujui kitu hata kidogo.” Na akamwambia yote, ya blanketi na ya kipofu, na kwamba mzee alisikia kicheko chake kule kwenye kituo. Alisema mpaka mwisho, huku akijua anavunja neno lake.

Ngatia alikwenda akaketi ndani ya Pijo, kiti cha abiria, akafunga mlango, akafumba macho. Alingoja apite mtu, au ng'ombe, au pikipiki, kitu chochote. Vilipita, maana Tabby alikuwa amesimama palepale akiviona, lakini hakuna sauti iliyomfikia Ngatia. Aliposhuka, alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa kofi na mtu anayemheshimu.

*

“Hiyo kazi ilikuwa safi, boss,” Ben alisema kule Karatina. “Nani amekuambia iko na makosa?”

“Haina makosa. Toa.”

“Nitoe redio?”

“Toa yote. Redio, spika, hiyo sanduku, mikeka. Rudisha vile ilikuwa.”

Ben alijipangusa mikono kwa kitambaa, akamwangalia kama anayetafuta mzaha. “Vile ilikuwa ilikuwa mbaya, boss. Vioo zilikuwa zinapiga kelele, milango inalia.”

“Rudisha hiyo ubaya.”

“Ubaya sikuweka kwa sanduku.”

Ngatia alicheka bila kutaka, kisha macho yakamlowa, na Ben akajifanya anatafuta spana. Hakuwa mtu mbaya, Ben. Alielewa kwamba hapa kuna jambo la nyumbani, akafanya alichoweza. Redio ilitoka, ikaacha shimo. Spika zilitoka, zikaacha mashimo ya duara milangoni, nayo akayaziba kwa mabati na skrubu. Mikeka ilikataa. Ilikuwa imepakwa gundi ya moto, ikabidi wakwangue kwa patasi, Ngatia mwenyewe akiwa amepiga magoti sakafuni, na kila ilipotoka ilitoka na rangi. Dari ilichanika. Vioo Ben alijaribu kuvilegeza, akavilegeza sana, akavikaza tena.

“Sasa hiyo kelele ilikuwa aje?” aliuliza. “Nionyeshe nitafute.”

Ngatia alifungua mdomo kuiga sauti ya kile kioo cha nyuma. Hakuikumbuka. Alikuwa ameisikia maisha yake yote akiiona ni kero.

*

“Nimetoa ile redio,” alimwambia baba yake jioni hiyo, akikaa kwenye kigoda karibu naye. “Ilikuwa inaniumiza kichwa nikiendesha.”

Mzee aligeuza sikio upande wake. “Na ulikuwa umenunua na pesa yako.”

“Nitaiuza.”

“Sawa,” mzee alisema. “Kama ni wewe umeona hivyo.” Baraka yake ilibaki mahali pake, haikuguswa. Kisha akaongeza, “Miguu imepata nafuu.”

Waliondoka asubuhi iliyofuata, vioo vikiwa chini. Mzee alivaa suti, na mkono wake wa kushoto aliuweka juu ya mlango kama zamani. Tabby, kiti cha nyuma, alikuwa akiomba bila kufunga macho. Pijo ilipoanza kushuka kwa Wambugu mzee aliinua kidevu, na Ngatia akapunguza mwendo ili asikie.

“Hapa ni...” mzee alisema. Alisikiliza. Hewa ilikuwa ikipiga filimbi kupitia yale mabati ya milangoni, na chini ya miguu sakafu tupu ilikuwa ikivuma kwa sauti moja, lami iwepo isiwepo. “Wacha kwanza,” akasema.

Walipita Kiriaini. Alianza tena mara mbili, akaacha mara mbili. Wakateremka mpaka mto Mathioya, wakavuka daraja lile jembamba, na Ngatia akashikilia pumzi akingoja, kwa sababu hapo ndipo kila Desemba mzee alipokuwa akiwapigia hadithi ya mafuriko. Mzee hakusema kitu. Walipanda upande wa pili, wakaingia mahali tambarare ambapo chai imeshuka mpaka ukingoni mwa barabara. Daraja lilikuwa nyuma sana.

“Hapa ni daraja ya Mathioya,” mzee alisema. Alisema kwa nguvu, na usoni mwake mlikuwa na ile furaha iliyokuwa imepotea.

Ngatia alimtafuta Tabby kwenye kioo. Tabby alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

“Ndio, baba,” Ngatia alisema. “Ni hapo.” Akabadilisha gia mpaka ya pili, akapunguza mwendo, kama mtu anavyofanya akiingia darajani. Barabara mbele yake ilikuwa pana na kavu.

“Maji ni mengi?”

“Ni mengi.”

Nyuma yao lori lilipiga honi. Likapiga tena, kisha likatoka kando, likawapita likinguruma dirishani kwa Ngatia, na likaenda zake. Juu ya daraja la Mathioya lori haliwezi kupita gari jingine. Hakuna dereva wa upande huo asiyejua hivyo, na Mzee Wamae alikuwa amelivuka akiendesha kila Desemba kabla macho hayajazima.

Alisubiri mpaka sauti ya lori ikaisha kabisa. Kisha akautoa mkono wake mlangoni, akauweka mapajani juu ya ule mwingine.

“Haya,” alisema kwa upole. “Twende.”

Ngatia alitaka kusema samahani, lakini angeomba samahani ya nini bila kutaja yote? Aliendesha. Walipofika Kangari, langoni kwa Beth, ni Tabby aliyesema, “Tumefika, guka,” akazunguka akamfungulia.

Beth alikuwa macho. Walimkalisha mzee kwenye ukingo wa kitanda, na wale ndugu wawili wakashikana mikono wakapapasana vidole kama wanaohesabu kama vyote vipo. Beth alilia kidogo, akapanguswa, akatabasamu. Hakuwa ametoka nyumba ile tangu mvua za masika.

“Sasa nihadithie njia,” alimwambia kaka yake. “Nani amepanda nini. Mto ukoje. Nihadithie yote, pole pole.”

Mzee Wamae alitikisa kichwa. “Waulize hao, Beth,” alisema. “Mimi nililetwa tu.”

Beth aligeuza macho kwa Ngatia, akangoja. Ngatia alikuwa bado ameshika mkungu mwingine wa ndizi aliokuja nao. Alitafuta cha kumwambia, mti uliokatwa, duka lililofungwa, shamba la mtu lililochanua, na hakupata hata kimoja. Miaka yote hiyo alikuwa akiendesha, na barabara alikuwa akisimuliwa na baba yake.

“Ilikuwa nzuri, tata,” alisema.